Inchi 37 chini ya Chevrolet ya jeshi

Jumapili mchana, nyuma ya nyumba moja pembezoni mwa Greensboro, North Carolina, watu wanne wamezunguka pikapu ya kijani na chai imepoa vikombeni. Pikapu ni Chevrolet M1008, gari la zamani la jeshi la Marekani. Ukutani yameegemezwa matairi manne ya Humvee ya inchi 37, kila moja likinifika kiunoni. Mwenye gari ameyanunua kabla ya kuuliza mtu. Anataka kulivalisha gari lake matairi hayo, na ili yaenee chini ya madigadi anataka kulinyanyua inchi 6.

Nilikuwepo. Nimeandika maneno yao nikiyapunguzia marudio tu, na majina nimeyaacha. Mwenye Gari ni kijana aliyezaliwa Uvira, akakulia kambi ya Nyarugusu huko Kigoma. Mjomba wake aliendesha malori kati ya Uvira na Bukavu; sasa anaendesha trela hapa Marekani. Fundi ni mzee wa Arusha ambaye sehemu kubwa ya umri wake imepita chini ya Land Cruiser za watalii. Dada wa Matairi ni mtu wa Mombasa, na kazi yake ni hiyo: kufungua na kufunga matairi, siku sita kwa wiki.

Kwa asiyelijua gari lenyewe: mwanzoni mwa miaka ya 1980 jeshi la Marekani lilikubali kwamba si kila kazi ya jeshi inahitaji gari lililobuniwa kwa ajili ya vita. Kubeba chakula, redio, barua na wagonjwa nyuma ya mstari wa mbele kungeweza kufanywa na pikapu ya aina ile ile anayonunua mkulima. General Motors ikapewa kandarasi, na katika modeli za mwaka 1984 hadi 1987 yakatoka karibu magari 70,000 ya ukoo huu unaoitwa CUCV: pikapu, ambulensi na Blazer. M1008 ndiyo pikapu. Ina injini ya dizeli ya lita 6.2, silinda 8, isiyo na tabo. Otomatiki ya gia tatu. Springi za vyuma bapa mbele na nyuma. Na umeme wa volti 24 pamoja na wa volti 12, kwa kuwa redio za jeshi zilitaka wake na taa za Chevrolet zikabaki na wake. Jeshi lilipoyachoka likayapiga mnada, na hivyo ndivyo yalivyofika nyuma ya nyumba kama hii.

MWENYE GARI: Wazee wangu, nianze na kelele. Difu za gari hili ni za 4.56, na gia ya juu kabisa ni ya tatu, hakuna nyingine ya kupumzikia. Nikishika barabara kuu kwa maili 65 kwa saa, injini inazunguka kama mara 3,100 kwa dakika, na kikomo chake ni 3,600. Nafika Charlotte masikio yanavuma. Matairi yaliyopo ni 235/85R16, kimo chake inchi 31.7. Nikiweka ya inchi 37, mizunguko inashuka hadi kama 2,700. Sijagusa injini, sijanunua giaboksi. Kosa liko wapi?

FUNDI: Hapo hakuna kosa. Hesabu yako ni sahihi, na nitakutetea mbele ya yeyote. Tairi ni gia ya mwisho ya gari. Ukiongeza kimo kwa asilimia 17, ile 4.56 inakuwa kama 3.9. Barabara kuu utaifurahia. Lakini umezungumzia injini, breki hujazitaja.

MWENYE GARI: Breki zinashika, mzee.

FUNDI: Zinashika tairi la inchi 31.7. Diski ni zile zile, mguu ni ule ule, ila tairi ni refu zaidi, na urefu huo wa tairi unashindana na diski kama mtu aliyeshika mpini mrefu. Kanyaga pedali kama ulivyozoea, pale tairi linapogusa lami utapata nguvu pungufu kwa karibu asilimia 14. Hapo bado sijahesabu uzito wa mpira na chuma unaozunguka, ambao nao unataka kusimamishwa.

MJOMBA: Na mshale wa mwendo utakudanganya. Utasoma 60, wewe uko 70. Askari akikusimamisha hataki kusikia habari za kimo cha tairi.

MWENYE GARI: Huo unarekebishwa kwa kubadilisha kijigia cha plastiki, mjomba. Bei yake ni ya sahani ya chakula.

MJOMBA: Basi kibadilishe siku ile ile. Usiseme kesho.

Nilidhani maneno yangeishia kwenye hesabu hizi, kwa sababu wanaume wawili waliokubaliana juu ya namba huwa hawana pa kwenda. Lakini kijana alikuwa na hoja iliyo nzito kuliko kelele ya injini.

MWENYE GARI: Kusini mwa hapa kuna msitu wa Uwharrie. Kuna njia za magari ya milimani, mawe na udongo mwekundu. Gari langu lina ekseli ambazo watu wanazitafuta kwa tochi: Dana 60 mbele, na nyuma ile ya General Motors ya boti 14, yenye difu inayojifunga yenyewe. Hazivunjiki. Lakini ile ya nyuma ina tumbo kubwa, linaning'inia. Mara mbili limekaa juu ya jiwe, magurudumu yote manne yanazunguka bure. Watu wananiambia, inua springi. Mzee wangu, nikiinua springi difu inapanda?

FUNDI: (Ananyamaza, anaweka kikombe chini.) Haipandi.

MWENYE GARI: Haipandi hata unywele mmoja. Naweza kuinua bodi mpaka ifike paa la nyumba, difu itabaki pale pale, kwa sababu difu imekaa kwenye ekseli na ekseli imekaa kwenye tairi. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Kutoka 31.7 hadi 37 napata nusu ya tofauti, sentimita 6.7. Lile jiwe la Uwharrie linataka sentimita nne.

FUNDI: Hapo umenishika, bwana mdogo, na sitajifanya sikusikia.

Nami nasema kijana alikuwa na haki. Watu wengi wanatoa fedha nyingi kunyanyua gari wakiamini kwamba wanaliepusha na mawe, ilhali walichopandisha ni bodi, chesisi na uzito wote ulio juu yake, na kile kinachogonga jiwe kimebaki kilipokuwa. Kunyanyua springi kuna kazi moja ya maana katika habari hii: kutengeneza nafasi ya tairi kubwa kupanda na kushuka bila kusugua madigadi. Springi ni mtumishi wa tairi. Kwa hiyo swali la kwanza ni tairi gani, na hapo Dada wa Matairi, ambaye muda wote alikuwa amechuchumaa ukutani akisoma maandishi ya pembeni mwa mpira, aliinuka.

DADA: Nani alikuuzia haya?

MWENYE GARI: Jamaa mmoja wa mnadani, dada. Bei nzuri sana.

DADA: Bei nzuri, sawa. Njoo uone. Hapa pameandikwa DOT. Fuata mpaka tarakimu nne za mwisho: 2309. Wiki ya 23, mwaka 2009. Mpira huu una zaidi ya miaka 15, na kashata bado ndefu kama mpya, ndiyo maana umependa. Umelala ghalani. Mpira unazeeka hata ukilala. Ona nyufa hizi ndogo kwenye mikunjo. Kwa mawe ya msituni, mwendo wa mtu anayetembea, sitakukataza. Kwa maili 70 kwenda Charlotte, sikufungii.

MWENYE GARI: Na yakiwa mapya?

DADA: Tuje kwenye rimu. Rimu ya Humvee ina matundu 8, na yanakaa sawasawa kwenye boti zako, najua umeshajaribu. Lakini chuma chake kinaingia ndani mno. Gurudumu litakwenda kugusana na vyuma vya stelingi ukikata kona. Isitoshe rimu yenyewe ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa duara la nati, na ndani mna mpira mgumu wa kumwezesha askari kuendelea na safari upepo ukiisha. Zile nati za kubana rimu usiziguse hata moja kama ndani mna upepo. Kile kipande cha nje kinaruka na kukata. Mtu anadhani anafungua gurudumu, kumbe anafungua mauti.

MWENYE GARI: Basi nitoe mpira peke yake, niuvalishe kwenye rimu zangu za 16.

DADA: Haya si matairi ya 16, mwanangu. Ni 16 na nusu. Soma: 37x12.50R16.5. Nusu inchi unaiona ndogo. Mpira wa 16.5 kwenye rimu ya 16 unalegea, hauna pa kushika. Na kinyume chake ndicho kibaya zaidi: mpira wa 16 ukiulazimisha kwenye rimu ya 16.5, unaingia, unajaza upepo ukingoja ukae, haukai, unaongeza, haukai, mpaka waya wa ukingoni unakatika na kitu kizima kinapasuka kama bomu usoni mwako. Dukani kwetu hatubahatishi. Kila rimu inapimwa kabla ya mpira kuguswa.

Kijana alikaa juu ya tairi mojawapo na kwa dakika nzima hakusema kitu. Nilimhurumia. Alikuwa amebeba matairi hayo mwenyewe, moja moja, kutoka kwenye trela ya kukodi.

MJOMBA: Mimi nina la kuuliza tofauti. Kwa nini unataka pana? Tuache urefu, urefu nimekuelewa. Haya yana upana wa inchi 12 na nusu.

MWENYE GARI: Kwa ajili ya tope, mjomba. Pana linaelea.

MJOMBA: Linaelea kwenye mchanga. Linaelea kwenye tope lisilo na mwisho, na kama umelipunguza upepo. Nenda mteremko wa Ngomo wakati wa mvua, kati ya Uvira na Bukavu, uone nani anapita. Juu kuna tope la sentimita ishirini, chini yake kuna ardhi ngumu. Lori lenye tairi jembamba linakata lile tope kama kisu mpaka linakanyaga chini, linapanda. Lenye tairi pana linakaa juu ya tope kama mtu aliyevaa kandambili, linateleza, linakwenda kando, na kando ya Ngomo ni korongo. Nimeona. Udongo mwekundu wa hapa ni ndugu wa ule. Mvua ikinyesha, juu ni sabuni, chini ni tofali.

FUNDI: Jeshi lenyewe lilijua hilo kabla ya mimi na wewe. Kabla ya Chevrolet hizi kulikuwa na Kaiser Jeep M715, iliyotengenezwa Toledo, Ohio, kuanzia 1967 hadi 1969. Nayo ilitokana na pikapu ya kiraia, lakini waliivalisha matairi ya 9.00-16. Marefu, membamba kama mkate wa boflo uliosimama. Hawakukosa fedha za matairi mapana. Na wewe umenichekesha kidogo kuiona 235/85R16 kuwa tairi dogo. Unajua Land Cruiser zetu kule Arusha zilivaa nini? 7.50R16. Lilinganishe na hilo lako kwa futi: karibu kimo kile kile. Kwa tairi la kimo hicho tumepitisha wageni Ngorongoro, tumeshuka Natron, tumevuka tope la Ndutu mwezi wa nne.

MWENYE GARI: Mzee, na mara ngapi mlikwama?

FUNDI: Tulikwama. Sikatai. Lakini tulikwama karibu na ardhi, tukachimba, tukatoka. Gari refu likilala kwa ubavu huchimbi.

Hapo Fundi alisema jambo ambalo ningependa kulikalia kidogo, maana linapitwa haraka mno katika mazungumzo ya namna hii. M1008 haikuundwa kuwa ndefu, ila kitovu cha uzito wake tayari kiko juu kwa gari lenye springi za vyuma bapa. Ukiongeza inchi 6 za springi na karibu 3 za tairi, uzito wa injini ya chuma, kabini na betri mbili unapanda inchi 9 ilhali upana wa miguu umebaki karibu ule ule. Njia za Uwharrie zina sehemu zinazoinama ubavu. Gari lililokuwa likipita pale likiwa limeinama, dereva akiwa na wasiwasi tu, sasa linapita likiwa limebakiza kidogo. Kijana anatafuta sentimita nne chini ya difu, na bei aliyotajiwa ni sentimita 23 kwenye kichwa cha gari.

MWENYE GARI: Niwaambie ukweli basi. Si jiwe peke yake. Nyarugusu nilikuwa mtoto, na magari yote niliyoyajua yalinizidi kimo. Malori ya chakula, Land Cruiser nyeupe. Tulikuwa tunasimama kando, tunakula vumbi, tunatazama juu kuona nani anapita. Hakuna hata siku moja nilimwona aliyekaa ndani akitazama chini. Nilijiambia nikipata gari, litakuwa refu.

Hakuna aliyemjibu upesi. Mjomba alimpiga bega.

MJOMBA: Nakuelewa. Mimi nilikuwa mmoja wa wale walio juu. Na sababu ya kutotazama chini ni kwamba ukiwa juu hapaonekani. Unaona mlima wa mbele, huoni kilicho mbele ya boneti. Kule Uvira kila lori lilikuwa na tanboi wa kuruka chini na kutazama. Wewe tanboi wako nani?

DADA: Na huyu hapa ana majirani. Leo asubuhi nimekuta watoto wawili wanacheza nyuma ya hili gari. Njoo. (Anamwita binti mdogo wa jirani, wa miaka minne hivi, anamsimamisha mbele ya gari.) Kaa kwenye usukani, niambie unaona nini.

MWENYE GARI: (Kutoka ndani.) Naona utepe wa kichwani.

DADA: Huo utepe ukiwa na inchi 9 chini zaidi?

Alishuka bila kujibu. Najua wapo watakaosema kwamba hoja ya mtoto ni ya kumnyamazisha mtu. Kwangu si hivyo. Gari hili litapita mtaa ule ule kila siku likienda na kurudi, na siku za Uwharrie labda ni mbili kwa mwezi. Anayepima gari lake apime siku zote, hata zile za kwenda kununua mkate. Kuna na taa: gari likiinuliwa inchi 9, mwanga uliokuwa ukianguka barabarani unaingia machoni mwa anayekuja, mpaka zielekezwe upya. Kuna na bampa: likiwa juu ya bampa la gari dogo, siku ya ajali halikutani na chuma kilichowekwa kupokea pigo, linakutana na kioo.

MWENYE GARI: Sawa. Nipunguze. Inchi 4, matairi ya 35. Na kwa kuwa fedha ni ya mwezi hadi mwezi, nitafanya mbele kwanza, nyuma mwezi ujao.

DADA: Hapo utakamatwa kabla ya mwezi kuisha. North Carolina ina sheria iliyoanza Desemba 2021: madigadi ya mbele yasizidi ya nyuma kwa inchi 4 au zaidi. Ilitungwa kwa ajili ya vijana wanaoinua pua na kushusha mkia mpaka dereva anatazama mbingu.

FUNDI: Na hiyo mbele utainua kwa kutumia kitu gani? Usiniambie vipande.

MWENYE GARI: Vile vipande vya chuma vya kuweka kati ya springi na ekseli ni rahisi, mzee...

FUNDI: Nyuma vipo vya kiwandani kwenye magari mengi, vinavumilika vikiwa vifupi, ingawa ukivirefusha ekseli inataka kujisokota kila ukikanyaga mafuta. Mbele, kamwe. Sikiliza vizuri. Ekseli ya mbele ndiyo inayobeba breki kubwa na ndiyo inayogeuza. Siku unakanyaga breki ghafla, uzito wote unakuja mbele, ekseli inataka kuzunguka chini ya springi, na kile kipande kinataka kulala. Kikilala huna stelingi na huna breki kwa wakati mmoja. Mbele unaweka springi mpya iliyokunjwa zaidi, kamili. Halafu mipira ya breki, kwa sababu ile ya zamani itavutika mpaka ikatike ekseli ikining'inia. Halafu pembe za propela. Halafu shokapu ndefu. Halafu tunakuja kwenye kile ninachokiogopa kuliko vyote. Leteni tochi.

Alilala chali juu ya kipande cha boksi akaingia chini upande wa kushoto, na sisi wengine tukapiga magoti. Nitaeleza alichokuwa akituonyesha, maana ndicho kiini cha mjadala wote kwa maoni yangu, na ndicho ambacho picha za magari marefu hazikionyeshi.

Katika Chevrolet za miaka hiyo zenye magurudumu manne ya kusukuma, boksi la stelingi limefungwa kwa boti kwenye chesisi ya kushoto, karibu na pua. Kutoka hapo inatoka fimbo fupi inayosukuma kwenda nyuma na mbele mpaka kwenye gurudumu la kushoto. Gurudumu la kulia linafuata kwa fimbo nyingine. Gari likiwa na kimo chake cha kiwandani, ile fimbo fupi imelala karibu sambamba na ardhi. Ukiliinua, inasimama kwa mwinamo. Ikisimama kwa mwinamo, kila springi inapopanda na kushuka kwenye tuta, fimbo inalisukuma gurudumu ingawa dereva hajagusa usukani. Gari linajigeuza lenyewe. Dawa ndogo ni kuongeza mkono mrefu juu ya gurudumu ili fimbo ilale tena. Dawa kubwa ni kubadilisha boksi na kupeleka fimbo upande wa pili, ivuke kutoka kushoto kwenda kulia. Hiyo dawa kubwa ni kazi ya siku kadhaa na fedha inayokaribia bei ya matairi.

Lakini hata hilo si lenyewe. Lenyewe ni chesisi. Kila tairi zito linapogonga jiwe, au dereva anapokata usukani gari likiwa limesimama, nguvu yote inarudi kwenye zile boti chache zilizoshika boksi kwenye bamba la chuma lisilo nene. Bamba linakunjwa na kunyooshwa, linakunjwa na kunyooshwa. Tairi likiwa refu na pana zaidi, mkunjo unakuwa mkubwa zaidi. Ni ugonjwa unaojulikana wa magari haya, kiasi kwamba yanauzwa mabamba maalumu ya kuimarishia pale.

FUNDI: (Kutoka chini.) Kijana, njoo ulale hapa. Bwana mkubwa, mwache apite. Futa matope kwa kidole. Pale juu ya boti ya nyuma. Unaona nini?

MWENYE GARI: Mstari.

FUNDI: Mstari wa rangi au wa kutu?

MWENYE GARI: Wa kutu. Unatoka kwenye tundu, unapanda... kama urefu wa kidole gumba.

FUNDI: Huo umepasuka na matairi ya inchi 31.7. Yale ya kiwandani. Umri wake, mashimo ya jeshi, na mawe yako ya Uwharrie. Sasa chukua lile ulilokalia, livalishe hapa, uende msituni. Ufa huu unafika juu siku gani?

Kijana alibaki chini kwa muda. Tuliona viatu vyake tu. Alipotoka alikuwa na matope shavuni, na hakutazama tena ukutani kwenye matairi ya Humvee, alimtazama Fundi.

MWENYE GARI: Linaponyeka?

FUNDI: Linapona. Tunatoboa tundu dogo pale ufa unapoishia ili usiendelee kukimbia. Tunachomelea, tunasaga, tunafunga bamba la kuimarisha kwa boti za kukaza kweli. Halafu naangalia breki zote nne. Haya ni ya mwezi huu. Tairi ni la mwezi ujao.

MWENYE GARI: Tairi gani, mzee? Difu yangu bado inagonga jiwe. Hilo hamjalijibu.

Na kweli walikuwa hawajalijibu. Nilifurahi kwamba hakuliacha.

DADA: Liko moja. 255/85R16. Kimo inchi 33, jembamba, linaingia kwenye rimu zako hizi hizi za 16, na gari lako halihitaji kunyanyuliwa. Labda utakata kidogo plastiki za pembeni kama zimo. Difu inapanda kama sentimita 1.7.

MWENYE GARI: Nataka nne, dada.

DADA: Nne sina. Nne ziko kwenye 35, na 35 inataka springi, stelingi ya kuvuka, na fedha ambayo umeniambia huna.

FUNDI: Sentimita moja na nusu nyingine unaweza kuipata kwa kusaga lile tumbo la difu kwa chini. Wapo wanaolikata na kufunga bamba jipya. Ile ya boti 14 ina chuma cha ziada pale. Nitakufanyia.

MJOMBA: Na lile jiwe, siku nyingine lipande kwa tairi, usilipitishe katikati. Nitakuja kuwa tanboi wako.

Kijana alichukua chaki ya Dada akaenda kwenye gurudumu la mbele, akapima kwa futi kutoka ardhini, akachora mstari kwenye madigadi pale ambapo inchi 33 ingefika. Alirudi nyuma hatua mbili kuutazama. Haukuwa mbali na tairi lililopo. Tofauti ilikuwa vidole viwili. Sikuweza kujua uso wake ulisema nini. Fundi alikuwa ameshachomeka drili, anatafuta biti ndogo kwenye kopo la kahawa.

MWENYE GARI: Dada, hayo ya 255, yakiagizwa kesho yanafika lini?

DADA: Alhamisi. Lakini usiagize kabla mzee hajamaliza hapo chini.

Fundi aliomba mwanga. Kijana alilala tena chali, akashika tochi, na drili ikaanza.